Mbele ya kutuma riwaya yako ya kwanza kwa mchapishaji



Wengi kati yetu tuko na kaye moja kwenye sanduku, ao fishie moja kwenye telefone, yenye hatujaonesha mtu. Tulisoma agronomi, sheria, ekonomi, afya, lakini usiku tunaandika hadithi. Mimi vilevile. Niko na lisanse ya agronomi, niko Nizi, na nimemaliza riwaya yangu ya kwanza. Ni hadithi ya jamaa moja yenye baba anashinda kwenye shimo la dhahabu na mama anashinda kwenye shamba la muhogo. Sijaituma bado. Miezi hii yote niko najifunza mambo yenye kupashwa kufanywa mbele ya kutuma, na nimeona ni mengi kuliko nilivyofikiri. Naandika hapa ili mwenye kuja nyuma yangu asianzie kwenye sifuri.

Kwanza mujue tofauti moja. Iniversite ilitufundisha kuandika memwari. Memwari iko na promoteri mwenye kusahihisha, iko na jiri yenye kupashwa kuisoma, iko na tarehe. Hata kama ni mbaya, kuna watu watatu walioandikwa kuisoma. Riwaya haina mtu hata mmoja mwenye kupashwa kuisoma. Mchapishaji anaweza kuacha kwenye ukurasa wa pili na hakuna sheria yenye kumkataza. Njo maana kazi yote ya kutayarisha iko na lengo moja: kumuondolea msomaji wa kwanza kila sababu ya kuacha.

1. Maliza kwanza, kisha pima

Kwa memwari tulikuwa tunapeleka projet kwanza, promoteri anakubali, ndipo tunaanza. Kwa riwaya ya mtu asiyejulikana haiendi hivyo. Nyumba za uchapishaji zinataka mswada kamili (ile tunasemaka maniskri), mwanzo mpaka mwisho. Sura tatu nzuri na ahadi hazitoshi.

Kisha pima urefu. Wachapishaji wengi wanauliza hesabu ya maneno, na riwaya ya kawaida inakuwaka kati ya maneno 40,000 na 80,000. Lakini mwenye kuandika Kiswahili afanye angalisho. Lugha yetu inafunga mambo mengi kwenye neno moja. «Sikumuona» ni neno moja. Kifaransa kinahitaji vipande vitano ao sita kwa kusema jambo hilohilo. Kwa hiyo hadithi yenye maneno 45,000 ya Kiswahili inaweza kuwa nene kuliko ya Kifaransa yenye hesabu ileile. Wafaransa wenyewe wanapendaka kuhesabu herufi pamoja na nafasi, ambapo karatasi moja ya kipimo ni herufi 1,500. Programu ya kuandikia inaonesha hesabu zote mbili. Ziandike zote mbili, hautapotea.

2. Jaribu mbegu mbele ya kupanda

Wenzangu wa agronomi wanajua: mbele ya kupanda hekta nzima, unachukua mbegu 100, unaziweka kwenye unyevu, unahesabu ngapi zimeota. Haulizi mbegu kama ni nzuri. Unahesabu.

Na mswada ni vilevile. Ukimpatia rafiki na kumuuliza «uliionaje?», atakujibu «iko muzuri sana», juu anakupenda na anataka kwenda kulala. Jibu hilo halina faida. Chagua wasomaji wanne ao watano, na mmoja awe mtu asiyekujua vizuri. Uwaulize maswali yenye jibu la kuhesabu:

Ulisimamia ukurasa gani mara ya kwanza, ukaweka chini?
Ni mtu gani wa hadithi ulimusahau jina?
Fasi gani ulirudia kusoma mara mbili juu hukuelewa?

Kama watatu kati ya watano walisimama kwenye ukurasa uleule, ugonjwa uko pale, hata kama pale njo kunakupendeza wewe zaidi. Mimi wasomaji wangu watatu walisimama kwenye sura yenye kueleza namna ya kuosha mchanga wa dhahabu. Watu wa Nizi wanaijua tayari. Mtu wa Kisangani aliona ni kama somo la TP. Niliibakiza kurasa mbili kati ya tisa.

3. Lugha yako njo inachagua nyumba

Hapa njo moyo wa jambo, na watu wengi wanalipita mbio. Wanauliza «nitume wapi?» mbele ya kuuliza «nimeandika kwa lugha gani, na nani anauza vitabu vya lugha hiyo?»

Ukiandika Kifaransa, njia inaenda Kinshasa, Paris ao Brussels. Wakongomani wengi waliojulikana walipita hapo: In Koli Jean Bofane alitoa Mathématiques congolaises kwa Actes Sud mwaka 2008, Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 kwa Métailié mwaka 2014. Kinshasa kuna Médiaspaul, ijapokuwa nguvu yake kubwa iko kwenye vitabu vya dini na vya elimu. Kuna pia Mabiki, ya Bienvenu Sene Mongaba. Yeye alisoma kemia, akaandika riwaya kwa Lingala, na akaanzisha nyumba yake mwenyewe ili vitabu vya lugha za Kongo vipate pa kutokea. Mwenye kufikiri kwamba mtu wa sayansi hana fasi kwenye riwaya amuangalie huyo.

Ukiandika Kiswahili, njia inaenda mashariki. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991. Nairobi kuna East African Educational Publishers na nyingine. Kuna pia mashindano: tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, na siku hizi jina la Safal limechukua fasi ya Mabati. Faida yake kwetu ni kwamba inapokea miswada yenye haijachapishwa. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya na Penzi la Damu. Mbele ya kupanga lolote, hakikisha kwanza kama mwaka huo wametoa mwito, na usome masharti yake yote.

Sasa, tusidanganyane. Kiswahili chetu cha Ituri si kile cha Dar. Sisi tunasema sombe, wao wanasema kisamvu. Sisi tunasema bugali, wao ugali. «Kupashwa» yetu ni «kupaswa» yao. Mtoto wetu akisema «naenda ku masomo», anamaanisha nyumba ya shule. Kule watafikiri anazungumzia mambo ya kujifunza. Na neno kama kreseri, ao PDG kwa maana ya mwenye kulisha wachimbaji wa shimo, kule hakuna mtu atalielewa.

Tena kuna jambo la soko. Kenya na Tanzania, riwaya ya Kiswahili inauzwa sana kwa njia ya masomo ya sekondari. Mhariri akishika mswada wako, swali moja liko kichwani mwake: mwalimu anaweza kumupatia mwanafunzi kitabu hiki?

Je, tuache lugha yetu? Mimi naona hapana. Nimechagua hivi: masimulizi kwa Kiswahili sanifu, mazungumzo ya watu kwa Kiswahili cha kwetu, na mwishoni ukurasa moja wenye maneno kama 30 na maana yake. Mtu wa Nizi akisoma, anasikia mama yake anaongea. Mtu wa Tanga akisoma, hapotei. Wewe unaweza kuchagua njia nyingine, lakini chagua mwenyewe, kisha ushike njia hiyo tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mswada wenye kuchanganya bila mpango, mhariri ataona ni mtu asiyejua lugha, hata kama unaijua vizuri.

4. Majina yenye yanaweza kuumiza mtu

Hili haliko kwenye mashauri ya watu wa Paris, lakini kwetu ni la kwanza.

Ituri ilipita kwenye vita ya 1999 mpaka 2003. Tangu mwisho wa 2017, Djugu imerudi kwenye moto, na tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Riwaya yenye kuzungumzia kwetu itagusa mambo hayo, hata kama ni hadithi ya mapendo. Na hapa kwetu jina la mtu linasema kabila yake, mara nyingi linasema hata kijiji. Msomaji wa Bunia akiona jina la muuaji kwenye kitabu chako, atajua mara moja unamaanisha upande gani. Akiona jina la kijiji, mwaka na kazi ya mtu, anaweza kumtambua mtu mzima aliye hai.

Kuandika mbele ya kitabu kwamba «watu wote ni wa kubuni» hakutoshi. Mbele ya kutuma, fanya orodha ya majina yote ya watu na ya vijiji vidogo, moja moja. Jiulize: huyu ni nani? Mtu anaweza kumtambua? Kuna mtu atapigwa ao atafukuzwa juu ya ukurasa huu? Badilisha jina, badilisha kazi, sogeza mwaka, buni kijiji. Kama mtu alikupatia hadithi yake mwenyewe, mama aliyepoteza watoto kwa mfano, rudi kwake, msomee ile sehemu, umuulize kama anakubali. Mimi nilifanya hivyo kwa sura mbili. Moja ilibaki. Nyingine niliitoa, juu mwenye hadithi alisema bado analala karibu na watu hao. Riwaya haikufa kwa kukosa sura hiyo.

Angalia pia kama wabaya wako wote wako na majina ya upande moja. Kama ni hivyo, mswada haujamalizika bado.

5. Linda mswada kama mbegu ya mwisho

Chinua Achebe wa Nigeria aliandika Things Fall Apart kwa mkono. Alituma mswada ule kwa posta mpaka London, kwa ofisi moja ya kupiga mashine, na hakuwa na kopi nyingine. Miezi ikapita, kimya. Ilikuwa mpaka mwanamke moja aliyefanya naye kazi kwenye redio akaenda London na kuuliza kwa ukali, ndipo ofisi ile ikapiga mashine. Kitabu kikatoka mwaka 1958, na leo kinasomwa dunia mzima. Kingeweza kupotea kwenye kona ya ofisi.

Sisi tuko na hatari zetu. Watu wanakimbia usiku na mtoto mgongoni. Nani atakumbuka ordinatere? Kwa hiyo kopi ziwe tatu, kwenye fasi tatu: moja kwako, moja kwenye flashi ya mtu anayeishi mji mwingine, moja kwenye imeli yako mwenyewe, ujitumie kila mwisho wa juma. Usiogope mtandao wa Nizi. Mswada wa maneno matupu, hata wa kurasa 300, unakuwaka mdogo sana, mara nyingi chini ya megabaiti moja ao mbili. Kinacholeta uzito ni picha, na riwaya haihitaji picha.

Ukienda kuandikisha ao kutoa karatasi kwenye sekretaria za mjini, kaa hapo mpaka mwisho, kisha futa fishie yako kwenye mashine yao. Na upitishe flashi kwenye antivirisi mbele ya kuituma kwa mtu mkubwa.

6. Sura ya mswada

Kila nyumba iko na masharti yake, na masharti yake yanashinda yangu. Kama hawakuandika kitu, hii ya kawaida inakubalika karibu kila fasi: Times New Roman 12, nafasi ya mstari moja na nusu ao mbili, pembeni sentimeta 2.5, namba kwenye kila ukurasa, jina lako na kichwa cha riwaya juu ya kila ukurasa, kila sura ianze kwenye ukurasa mpya. Usichore jalada. Usiweke rangi. Usiandike shukrani za kurasa mbili kwa wazazi na kwa promosheni yenu. Hizo zitaingia kitabu kikikubaliwa.

Jina la fishie liseme kitu: jina lako, kichwa, mwaka. «Riwaya ya mwisho mwisho kabisa 3» haimusaidii mtu.

7. Barua na muhtasari

Barua ni ukurasa moja, si zaidi. Iseme: kichwa cha riwaya, hesabu ya maneno, hadithi inapita wapi na lini, hadithi yenyewe kwa mistari mitano, wewe ni nani kwa mistari mitatu, na juu gani umechagua nyumba hiyo na si nyingine. Hii ya mwisho inaonesha kama ulisoma vitabu vyao ao ulituma tu kwa kila mtu. Diplome zako zisijaze barua. Mimi nitataja agronomi juu riwaya yangu iko shambani. Kama ilikuwa hadithi ya daktari wa Goma, ningeiacha.

Usiandike kwamba kitabu chako kitabadilisha Kongo. Usiandike kwamba jamaa yote ilikipenda.

Muhtasari ni kitu kingine: ukurasa moja ao mbili, na unasema mambo yote mpaka mwisho. Watu wengi wanaficha mwisho ili mchapishaji apate hamu. Yeye hanunui hamu, anataka kujua kama unajua kumaliza hadithi. Mwambie nani anakufa, nani anabaki, na kwa nini.

8. Pesa na kontra

Hapa vijana wengi wanaliwa. Mujue namna tatu. Ya kwanza: mchapishaji analipa gharama zote, anakupatia asilimia ya mauzo. Ya pili: mwandishi analipa gharama zote. Ya tatu: wanagawana. Ya pili si dhambi, lakini isikuje kwako na nguo ya ya kwanza. Mtu akikuandikia «tumekubali riwaya yako kwa furaha kubwa, tuma dolari za kufungua dosie», hiyo si ya kwanza. Mchapishaji wa kweli halipishi kusoma.

Tupige hesabu. Tuseme kontra inakupatia asilimia 10, na kitabu kinauzwa dolari 10. Unapata dolari 1 kwa kila kitabu. Vitabu 300 vikiuzwa, ni dolari 300. Hautajenga nyumba. Sasa tuseme mwingine anakuomba dolari 1,200 akupatie vitabu 200. Kila kimoja kimekugharimu dolari 6 mbele ya usafiri, na muuzaji ni wewe mwenyewe, kwenye mji ambapo watu wananunua kwanza unga. Kama unataka njia hiyo, bora uifanye macho wazi: Kampala, kwenye Nasser Road, kuna wapiga chapa wengi, unaweza kuuliza bei kwa watatu ao wanne na kulinganisha. Lakini ujue umekuwa mchapishaji, na ile ni kazi nyingine.

Kontra ikikuja, angalia mambo haya: haki gani unatoa (kitabu tu, ao tafsiri na filme pia?), kwa miaka mingapi, kwa nchi gani, wanatoa kopi ngapi, wanakulipa lini, na haki zinarudi kwako namna gani kama kitabu kikikwisha na hawakirudishi sokoni. Kwetu sheria yenyewe iko: ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi. Kati yetu kuna wenye lisanse ya sheria. Muwaombe wasome kontra pamoja na ninyi mbele ya kutia sahihi. Njo faida ya kuwa na chama.

9. Kungojea

Miezi mitatu mpaka sita ni kawaida, na wengine hawajibu kabisa. Nyumba zinafurika: Aprili 2021, Gallimard ya Paris iliomba watu waache kwanza kuituma miswada, juu wakati wa kufungiwa nyumbani kila mtu aliandika kitabu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa Makerere mwaka 1962 alipomuonesha Achebe mswada wake kwenye mkutano wa waandishi. Weep Not, Child ilitoka 1964. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alikaa miaka mingi na riwaya yake ya kwanza, ikakataliwa, na ilitoka 1987 tu. Nobel alipata 2021.

Shika kaye kama ile ya shamba: tarehe, nyumba, ni toleo gani ulituma, walijibu nini. Ukituma kwa nyumba mbili kwa wakati moja, uzijulishe. Ikipita miezi sita, andika barua moja fupi ya heshima. Isipojibiwa, endelea na nyumba nyingine. Na wakati huo anza kuandika ya pili.

Kwangu mimi nyumba zilizobaki kwenye orodha ni mbili, ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Muhtasari uko tayari, barua bado mistari mitatu yenye hainipendezi. Mwenye kuwa na mswada wake na anatafuta msomaji wa tano, aniambie. Nitasoma, na nitamwambia ni ukurasa gani nilisimama.